Je, Wajua? Kutoka Ubungo na Kawe hadi Bungeni: Mawakili Waliogeuka Wabunge

Je, wajua kwamba Katiba ya Tanzania haimdai mgombea ubunge cheti cha shule yoyote? Ibara ya 67 inataka awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Mvuvi wa Kunduchi na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, wanarudisha fomu kwa msimamizi yuleyule wa uchaguzi, na hakuna anayemzidi mwenzake kwa karatasi alizonazo kabatini.

Hata hivyo, Dar es Salaam ilipotanuka kuelekea Kimara, Tegeta na Mbagala, mawakili waliacha alama kubwa katika siasa za majimbo hayo. Naamini sababu ipo. Mkazi wa pembezoni anakutana na sheria mlangoni pake kila siku: kiwanja kisichopimwa, mpaka unaogombewa na jirani, barabara inayotaka kupita sebuleni, mirathi ya nyumba ya vyumba sita yenye warithi kumi na wawili. Mtu anayezijua sheria hizo, akazieleza kwa lugha ya mtaani, huko ana mtaji wa kisiasa.

Je, wajua kwamba uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi jijini Dar es Salaam ulifanyika mara mbili?

Jumapili ya tarehe 29 Oktoba 1995 wapiga kura walipanga foleni tangu alfajiri. Vituo vingi havikuwa na karatasi za kura. Vingine vilifunguliwa jioni, vingine havikufunguliwa kabisa. Tume ya Uchaguzi ikayafuta matokeo ya majimbo yote saba ya mkoa, na kura zikarudiwa tarehe 19 Novemba. Vyama vya upinzani vilipinga marudio hayo na kulipeleka jambo mahakamani, na wapiga kura wengi waliokuwa wamechoshwa na vurumai ya mara ya kwanza hawakurudi kituoni.

CCM ilitwaa majimbo sita. Jimbo la saba lilikuwa Ubungo, ambalo wakati huo lilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Huko alishinda mgombea wa NCCR-Mageuzi, Dk. Masumbuko Lamwai, wakili na mwalimu wa sheria. Nchi nzima chama chake kilipata viti 16 tu vya majimbo kati ya 232, na katika mji mkubwa kuliko yote nchini kilipata hicho kimoja.

Ubungo ya mwaka 1995 haikuwa jimbo la watu wa ofisini peke yao. Chuo Kikuu kilikuwa humo, kweli, lakini Manzese nayo ilikuwa humo. Manzese ni mtaa uliokua wenyewe kando ya Barabara ya Morogoro, hadi miaka ya 1970 Serikali ilipoamua kuuboresha kwa mkopo wa Benki ya Dunia badala ya kuuvunja. Ukipita siku ya soko unapishana na mafundi cherehani, wauza mitumba, mama lishe na makuli. Mgombea wa jimbo hilo alipaswa kueleweka na mwanafunzi wa shahada ya pili na pia na kijana anayesukuma mkokoteni, na Lamwai aliwapata wote wawili.

Haikuwa ajabu kwamba chama kilichompeleka kilikuwa na wanasheria wengi. Mbegu ya NCCR ilikuwa kamati ya kudai mageuzi ya katiba iliyoundwa mwaka 1991, ikiongozwa na Chifu Abdallah Fundikira, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria. Miongoni mwa waliotoa sauti zao alikuwamo wakili Mabere Marando. Sheria ya vyama vingi ilipoanza kutumika Julai 1992, hao walikuwa tayari wanajua ni kifungu kipi wakisukume.

Lamwai alikaa kipindi kimoja Ubungo, hadi 2000. Kisha akarejea CCM, akaendelea na uwakili na kufundisha. Alifariki Mei 2020. Wapo waliomlaumu kwa kubadili kambi, na wapo wanasheria wanaomkumbuka zaidi kama mwalimu kuliko kama mwanasiasa. Mimi nadhani jambo kubwa aliloliacha ni hili: alionesha kwamba mtaa kama Manzese unaweza kumchagua msomi wa sheria bila msomi huyo kujifanya si msomi.

Je, wajua kwamba mbunge akihama chama anapoteza kiti papo hapo?

Jirani yetu Temeke walilishuhudia hilo. Augustine Mrema, aliyepata takribani asilimia 28 ya kura za urais mwaka 1995, hakuwa wakili. Lakini Oktoba 1996 alishinda uchaguzi mdogo wa Temeke kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Chama kikagawanyika, yeye na Marando wakawa pande mbili, na mwaka 1999 Mrema akahamia chama cha TLP. Kwa kuhama huko kiti cha Temeke kikamtoka, kwa sababu Katiba inakihesabu kiti cha mbunge kuwa kimefungwa na chama kilichompeleka. Mpiga kura wa Tandika aliyempigia Mrema kwa sababu ni Mrema hakuulizwa.

Hapa ndipo inapoingia kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Mlimani huisoma. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, akiketi Dodoma, alikubaliana naye. Kabla uchaguzi haujafika, Bunge likaibadili Katiba na kuuziba mlango huo. Mtikila hakukata tamaa. Alishinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, kisha akavuka hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yake ya kwanza kabisa kuikuta nchi na hatia baada ya kusikiliza kiini cha shauri.

Wadai wenzake Mtikila katika shauri hilo walikuwa Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Ukifika Kijitonyama, ofisi ya kituo hicho ipo katika jengo lililopewa jina la Jaji Lugakingira. Mgombea binafsi mpaka leo hayupo kwenye karatasi zetu za kura.

Je, wajua kwamba kuna wakati mwananchi alitakiwa kuweka mahakamani shilingi milioni 5 kabla ya kupinga matokeo ya ubunge?

Fedha hizo zilikuwa dhamana ya gharama za kesi. Kwa mkazi wa Mburahati au Keko, masharti hayo yalikuwa sawa na kumwambia asiende. Mwaka 2002, katika shauri la Julius Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama ya Rufani ilikifuta kifungu hicho kwa hoja kwamba kinawazuia watu kuifikia haki kwa sababu ya mifuko yao. Uamuzi huo haukugusa jimbo moja tu. Uliwapa pumzi wapiga kura wa nchi nzima.

Turudi nyuma kidogo, kwani mizizi ya jambo hili haipo pembezoni. Ipo katikati ya mji.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria, na wanafunzi wake wote wangeenea katika daladala moja. Kwa nini sheria ilitangulia udaktari na uhandisi? Tanganyika ilikuwa inakaribia kujitawala ikiwa na wanasheria Waafrika wachache mno. Kwa miaka kadhaa baada ya Uhuru Jaji Mkuu wetu alikuwa Telford Georges, mtu wa visiwa vya Karibi, na Mtanzania wa kwanza kushika nafasi hiyo, Augustine Saidi, aliipata mwaka 1971. Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, na pale ndipo Kinondoni ilipopata kiwanda chake cha wanasheria.

Miongoni mwa waliosoma sheria katika miaka hiyo ya mwanzo alikuwamo Julie Manning. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Sheria. Yeye na Tabitha Siwale ndio wanawake wa kwanza kuingia Baraza la Mawaziri la Tanzania. Kila msichana aliyevaa joho la uwakili baada ya hapo amepita njia ambayo Manning aliifyeka.

Na hata kabla ya chuo, wakili alikuwa karibu na siasa. Mwaka 1958 Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni katika kijarida cha Sauti ya TANU. Wakili mashuhuri wa Uingereza, D. N. Pritt, alisafiri kuja kumtetea, akisaidiwa na mawakili wa hapa hapa, Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Mahakama ilimtia hatiani, ikampa kuchagua: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Jhaveri, aliyekuwa na ofisi yake Dar es Salaam, baadaye aliiwakilisha Dar es Salaam bungeni.

Wakenya nao wana wao. C. M. G. Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini humo, aliwatetea washitakiwa wa Mau Mau wakati ambapo kufanya hivyo kulimletea mtu uadui wa serikali, na baadaye akawa mbunge wa Gem na waziri, hadi alipofariki Januari 1969.

Je, wajua kwamba wakili akiingia bungeni anapata kinga ambayo mahakamani hana?

Katiba inasema maneno ya mbunge ndani ya Bunge hayawezi kuhojiwa na mahakama. Anaweza kuisema ofisi ya umma kwa ukali ambao nje ya lango angeshitakiwa. Lakini kanuni za Bunge zinamziba mdomo mahali pengine: haruhusiwi kulijadili jambo lililo mbele ya mahakama likisubiri uamuzi. Fikiria basi hali ya mbunge wakili ambaye wapiga kura wake wamefungua kesi ya kuzuia nyumba zao zisivunjwe. Siku kesi inapofunguliwa, ulimi wake bungeni unafungwa. Akitaka kulisemea jambo hilo Dodoma, kesi isiwepo; akitaka zuio la mahakama, anyamaze Dodoma. Wabunge ambao hawakusoma sheria hulijua hilo wanapokatizwa na Spika. Mwanasheria huamua kabla.

Na nyumba za kuvunjwa zimekuwapo nyingi. Mwaka 2017, kwa ajili ya upanuzi wa Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha, wakala wa barabara ulipita na rangi nyekundu ukichora alama ya X ukutani. Hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati, kwa mujibu wa sheria ambazo asili yake ni enzi za Mwingereza. Waliokuwa ndani ya mita hizo, wengine wakiwa na nyumba za ghorofa, misikiti, makanisa na vituo vya mafuta, walitakiwa kubomoa wenyewe au kubomolewa. Mtu aliyejenga kwa miaka ishirini, tofali kwa tofali, anasimama uani akiitazama ile X na kuuliza swali moja tu: nani aliniuzia?

Jibu mara nyingi lipo katika karatasi aliyoiweka chini ya godoro. Ni karatasi ya mauziano, imeandikwa kwa mkono, ina majina ya muuzaji, mnunuzi na mashahidi, na chini yake mhuri wa zambarau wa serikali ya mtaa, ambayo kwa mazoea ya Dar es Salaam imezoea kudai asilimia 10 ya bei. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba fedha zilitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inatambua hatimiliki za miaka 33, 66 na 99. Kwa maeneo yasiyopangwa ikaongeza leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi. Kazi ya mbunge anayejua tofauti ya karatasi hizi tatu ni kubwa kuliko kununua jezi za timu ya kata.

Je, wajua kwamba kwa miongo mingi wakili hakuruhusiwa kabisa kukanyaga Mahakama ya Mwanzo kumtetea mtu?

Mahakama hizo, kama ile ya Magomeni, ndizo zinazosikiliza kesi za watu wengi zaidi: madai madogo, ndoa, mirathi, ugomvi wa mtaani. Zinaendeshwa kwa Kiswahili, hakimu akisaidiwa na washauri wa mahakama. Kila mtu alijitetea mwenyewe. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliruhusu mawakili waingie pale ambapo kesi inasikilizwa na hakimu mkazi. Mwaka huohuo mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabakiwa na usuluhishi.

Mwaka huo ulileta badiliko lingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Tangu miaka ya 1960 wabunge wetu wamekuwa wakijadili kwa Kiswahili, lakini miswada waliyoijadili ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Hakimu wa wilaya alisikiliza ushahidi kwa Kiswahili, akauandika kwa Kiingereza, kisha akamsomea mshitakiwa hukumu ambayo ilibidi ielezwe upya. Mbunge aliyesomea sheria alikuwa na nguvu ya ziada bungeni kwa sababu hii tu: alikuwa mmoja wa wachache waliousoma muswada wenyewe badala ya kusubiri maelezo ya waziri. Sheria ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kuzitafsiri sheria za zamani, mamia kwa mamia, ni ndefu, na ningependa kila mbunge mwanasheria aisimamie kana kwamba ni barabara ya jimboni kwake.

Je, wajua kwamba Kawe ilimchagua mwanasheria mara mbili mfululizo? Halima Mdee, aliyezaliwa mwaka 1978 na kusoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliingia bungeni 2005 kwa viti maalumu vya CHADEMA. Mwaka 2010 alishuka jimboni akashinda Kawe, akashinda tena 2015. Jimbo hilo linaanzia kwenye majumba ya Mbezi Beach hadi machimbo ya kokoto ya Kunduchi na mashamba yaliyogeuka viwanja huko Mabwepande, hivyo mbunge wake anaweza asubuhi kusikiliza malalamiko ya mwenye hati ya miaka 99 na jioni ya asiye na karatasi yoyote. Mwaka 2020 alishindwa na Askofu Josephat Gwajima wa CCM.

Kisha likaja jambo ambalo limewapa wanasheria kazi ya kubishana kwa miaka. Novemba 2020 Mdee na wenzake 18 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu. Chama chao kikasema hakikuwateua, kikawavua uanachama. Wao wakapinga, na mgogoro ukafika Mahakama Kuu. Kumbuka kiti cha Temeke kilivyomtoka Mrema mwaka 1999. Safari hii wabunge 19 waliokuwa wamefukuzwa na chama chao walibaki ndani ya ukumbi wa Dodoma hadi muhula ulipokwisha 2025. Katiba ni ileile. Tofauti ni kwamba Mrema aliondoka mwenyewe, hawa walisema bado ni wanachama na shauri lao halijaisha, na Spika akachagua kusubiri.

Mlimani umetoa hata Spika. Tulia Ackson alikuwa mhadhiri wa sheria huko kabla ya kuwa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka 2015. Mwaka huohuo Rais Magufuli alimteua kuwa mbunge, Bunge likamchagua Naibu Spika. Alikuwa Spika kuanzia Februari 2022, na Oktoba 2023 akachaguliwa jijini Luanda kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushika nafasi hiyo.

La mwisho. Je, wajua kwamba shahada ya sheria pekee haimfanyi mtu kuwa wakili? Baada ya chuo kikuu kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanza kupokea wanafunzi 2008 na iliyopo Barabara ya Sam Nujoma, kisha kuna kuapishwa na Jaji Mkuu ukiwa na joho jeusi na vitambaa viwili vyeupe shingoni. Mwaka 2022 matokeo ya shule hiyo yaliitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wazazi walilalamika, wabunge wakapaza sauti, na Waziri wa Sheria, Damas Ndumbaro, akaunda kamati ya kuchunguza.

Aliyepewa kuiongoza alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, wakili aliyefundisha Mlimani, akawa mbunge wa Kyela kwa miaka 15, na ambaye mwaka 2008 aliongoza Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond, taarifa yake ikafuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa.